Anadhani mpenzi wake ndiye aliyesambaza video yake, kumbe ni mimi

Admin, ukiweka ujumbe huu tafadhali hata picha ya akaunti yangu isionekane, maana dada za huyo rafiki yangu wanafuata ukurasa huu.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na moja, Mwislamu, nimezaliwa na kukulia Nyakabiga hapa Bujumbura. Mama yangu ni mshonaji. Nasoma uuguzi, na huko shuleni ndiko nilikompata rafiki ambaye nitamwita Zawadi. Familia yake ilikimbia vita Kongo, sasa wanaishi Musaga. Miaka mitatu tumekula sahani moja. Idi anakuja kwetu, Noeli naenda kwao.

Miezi miwili iliyopita Zawadi alijirekodi chumbani akicheza, amejifunga kitenge tu kifuani. Kitenge kikadondoka, akacheka, hakuifuta. Video ile aliituma kwa watu wawili: mpenzi wake, kijana wa Kinanira, na mimi. Nilicheka mpaka machozi. Halafu, na hadi leo sijui ni kitu gani kilinituma, nikamrushia binamu yangu mmoja. Nikaandika: "Angalia huyu kichaa wangu, lakini usitumie mutu." Wallahi sikuwa na chuki naye. Nilitaka tu tucheke wawili.

Siku ya tatu ilikuwa kwenye gurupu ya darasa. Ikaingia kwenye magurupu ambayo hata hatuyajui, imepachikwa sauti ya mwanaume anayemtukana, na namba ya simu ya Zawadi chini. Wanaume wakawa wanampigia akipiga mswaki, wanampigia akiwa kanisani. Wengine waliandika, "Mukongomani, rudi ukajiuze kwenu." Na ni vijana wa rika letu, wengine tumekaa nao benchi moja darasani. Binamu yangu nilipomuuliza, akasema naye alimtumia mutu mumoja tu.

Zawadi moja kwa moja akamshuku mpenzi wake. Kijana alilia, akaapa, akampa simu yake aikague. Kaka zake Zawadi hawakungoja. Walimpiga uani kwa kina Zawadi mpaka akavunjika mkono, na mi nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa jikoni na sahani mikononi.

Sasa Zawadi ameacha shule. Simu ameizima. Pasta alikuja, Zawadi akakataa kumuona. Mtu pekee anayemruhusu kuingia chumbani ni mimi. Namsuka, nampikia uji, namlazimisha anywe. Mama yake hunishika mikono yote miwili: "Binti yangu, kama si we, mi ningekuwa nimeshamuzika huyu mutoto."

Wiki iliyopita nilimpeleka mahali ambapo kuna akina mama wanaosaidia wasichana waliofanyiwa mambo kama haya. Mama mmoja alitukaribisha vizuri, akamuuliza taratibu, "Hiyo video, nani wengine walikuwa nayo?"

Zawadi akajibu, "Ni ule mwanaume tu. Na huyu dada yangu. Lakini huyu apana, mama. Huyu hawezi."

Yule mama akaniangalia kwa muda. Mi nikaangalia viatu vyangu.

Sasa baba yake Zawadi ameamua kwenda polisi Jumatatu kumshtaki yule kijana, na wanataka mimi niwe shahidi. Kijana mwenyewe ameniandikia: "We unanijua. Waambie mi siwezi kufanya vile." Sijamjibu. Nikisema ukweli, Zawadi atabaki na nani chumbani mule? Na kaka zake watanifanya nini mimi? Nikinyamaza, mtu asiye na kosa ataingia jela na plasta bado iko mkononi. Mara mbili nimekaa karibu na mama yangu nimwambie, mara zote mbili nimeishia kumuuliza nguo anayoshona ni ya nani.

Jana Zawadi aliniuliza, "Jumatatu utanishika mukono, siyo?"

Nikamwambia, "Nitakushika."

Ndugu zangu, najua mtanitukana, na nitukaneni. Lakini mkimaliza, naombeni mtu mmoja aniambie nimweleze vipi, nianzie neno gani. Leo tayari ni Jumamosi.