Bi Kesho na Simu ya Saa Tisa

Wenzake wa kituoni walimbandika jina la Bi Kesho, naye hakulikataa. Kwa miaka kumi na mmoja alikaa kwenye meza ileile, chini ya ramani ya mlima, akipokea simu za watu waliopotea au kuumia msituni, na karibu wote aliwajibu kwa neno moja: kesho.

"Wewe hata Izraili akibisha hodi utamwambia arudi kesho," dereva wa kituo alipenda kumtania.

Alicheka naye, lakini kicheko chenyewe hakikupita meno.

Hali ya kituo kile aliijua vizuri. Gari lilikuwa moja. Waokoaji walikuwa sita, na wanne kati yao walikuwa na shughuli zao: mchomeleaji, mwalimu na wakulima wawili. Kuwakusanya tu kulikula saa mbili. Kutoka barabara inapoishia hadi mabonde ya juu ulikuwa mwendo wa saa sita kwa miguu, na giza likiingia hakuna aliyeruhusiwa kupanda, maana mwokoaji aliyevunjika shingo hamwokoi mtu. Lakini ukuta wa nje ulichorwa helikopta nyekundu, kubwa, yenye kamba inayoning'inia. Kituo hakikupata kuwa na helikopta hata siku moja. Mkuu wa kituo alisema picha inapendeza, ikabaki. Watu wakawa wanapita mbele yake kwenda msituni na vibegi vya kwendea sokoni, wakijiona salama. Huo ulikuwa uongo, hata kama haukutamkwa na mtu.

Naye Bi Kesho aliwahi kusema wa kwake. Mwaka wake wa kwanza, ndugu wawili walipiga simu wakiwa wamejibanza chini ya mwamba. Aliwahurumia, akawaambia, "Wako njiani, wanafika sasa hivi." Waokoaji walikuwa hawajafunga hata kamba za viatu. Ndugu wale wakangoja, wakachoka kungoja, wakaacha mwamba wao kwenda kuwapokea. Walikutwa siku ya tatu, wamekufa chini ya genge. Tangu hapo hakumwambia mtu kwamba waokoaji wako njiani mpaka wawe njiani kweli.

Siku tunayoisimulia simu iliita saa tisa alasiri, mvua ikipiga bati.

"Shemeji, ni mimi."

Alikuwa mume wa dada yake. Alfajiri ile wawili hao walipita kituoni kumsalimia, wakienda kutazama maporomoko ya maji. Walibeba chupa ya maji na pakiti ya biskuti. Aliwasihi wachukue blanketi na turubai. Shemeji akaonyesha ukutani: "Na lile dude lenu linafanya kazi gani?" Bi Kesho akanyamaza, kwa kuwa mkuu wa kituo alikuwa amesimama pale pale.

"Dada yako ameteleza," shemeji alisema, akihema. "Mguu umevunjika, mfupa nauona. Leteni ndege!"

"Damu inatoka nyingi?"

"Inatoka, lakini si ya kuruka. Ndege, shemeji!"

"Hakuna ndege."

"Nimeiona kwa macho yangu!"

"Umeona rangi. Haijawahi kuwepo."

Akasikia mvua ya kule, nzito kuliko ya kwake. Kisha sauti ya dada yake, ndogo, kama ya mtu aliye chumba cha tatu: "Mwambie mdogo wangu aje." Huyo ndiye aliyembeba Bi Kesho mgongoni utotoni, akamfundisha kusoma.

"Anatetemeka," shemeji alinong'ona. "Nimeweka sauti ya juu, anakusikia. Mwambie mko njiani. Basi tu, apate nguvu."

Lingekuwa jambo jepesi, nani angemlaumu? Akawaona wale ndugu wawili wakitoka chini ya mwamba, wakishikana mikono.

"Dada, nisikilize," alisema. "Leo haji mtu. Watafika kesho mchana. Mpaka wakati huo mko peke yenu."

"Una roho ya jiwe wewe!" shemeji akafoka. "Huyu si damu yako?"

"Nitukane baadaye. Chaji imebaki ngapi?"

"Asilimia kumi na tisa."

"Funika kidonda kwa kitambaa safi. Mguu usiunyooshe, ufunge na fimbo mbili hivyo hivyo ulivyo. Kuna mwamba karibu?"

"Upo, hatua kumi."

"Mvute taratibu chini yake, umshike makwapani. Tandika matawi na majani makavu, unene wa godoro, ardhi isimnyonye joto. Umkumbatie, usione haya. Halafu msitoke hapo hata mkisikia sauti. Zima simu, uiwashe saa moja asubuhi. Ukinipigia kila mara chaji itaisha, na kesho hatutawapata."

Alipokata simu, aliandika kwenye daftari kama alivyowaandika wengine: mwanamke, miaka hamsini na miwili, mguu. Dereva hakutania. Alichukua funguo, akaenda kuwakusanya wale sita, wawe tayari alfajiri.

Saa moja asubuhi simu haikuita. Saa moja na dakika kumi haikuita. Aliinua mkono wa simu kusikia kama laini ipo, akaurudisha haraka kama umemuunguza. Labda chaji. Labda walitoka chini ya mwamba. Labda aliua kwa ukweli kama alivyoua kwa uongo.

Saa moja na nusu ikaita.

"Yuko hai," shemeji alisema, sauti imemkauka. "Kanipiga viwiko usiku kucha, eti nakoroma."

Bi Kesho akavuta daftari.

"Waokoaji waliliacha gari saa nzima iliyopita, wanapanda," alisema. "Bado mwendo wa saa tano."

Akangoja tusi.

"Saa tano," shemeji akarudia polepole. "Haya. Nianze na nini?"

"Maji kidogo kidogo. Kisha mguse vidole vya mguu, kimoja kimoja, aseme kama anasikia."

Majani yakakwaruza kule mlimani. Akabana simu sikioni mpaka likauma.

"Anasikia vyote," shemeji alisema, "isipokuwa viwili vya mwisho."

Akaviandika viwili hivyo kwenye daftari.