Machache Tu Langoni

Katibu wa chama cha wafanyakazi hajawahi kuanza mkutano bila kukigonga kipaza sauti kwa ukucha, kukipuliza, kisha kusema, "Wenzangu, nitasema machache tu." Minoti, dada anayeshona kwenye kiwanda cha magunia, akisikia hivyo hujua treni imeshampita. Katibu huyo ana kikohozi cha vumbi la nyuzi, na kila akikohoa huirudia sentensi yote, asije mtu akawa hakusikia. Mkono wake wa kushoto hukata hewa kama anapasua kuni.

Jioni moja zamu ilipotoka, katibu alisimama langoni juu ya benchi la muuza chai akizilaani sheria mpya za kazi. "Wanataka kuturefushia siku! Na kabla ya kugoma tumpigie tajiri hodi kwanza! Saa zetu nane haziguswi!" Akakohoa, akarudia. Taa za barabarani zikawaka. Treni ya Minoti ya kwenda Naihati ikapiga honi, ikaenda zake.

"Kaka wee!" Minoti akapaza sauti. "Zamu imeisha kitambo na bado umetusimamisha! Wewe na tajiri mna tofauti gani? Mwenzio angalau ovataimu analipa!"

Lango zima likaangua kicheko. Katibu akashuka, akamtia kipaza sauti mkononi. "Haya dada, sema wewe." Akakaa kwenye benchi, vidole vyake bado vimekunjika kana kwamba amekishika.

Minoti akazitazama nyuso zilizokuwa zikimngoja. Akakumbuka feni iliyokufa tangu kiangazi, na choo kisicho na mlango, na msimamizi wa zamu asiyeishiwa matusi. Akakigonga kipaza sauti kwa ukucha, akakipuliza.

"Wenzangu," akasema, "nitasema machache tu."