Nilisema Askari Balibeba Gari ya Baba ya Kasereka

Kosa ni yangu, niseme mbele, nisianze kuzunguka. Tangu ile wakati ya rebellion miye natembea na bongo moja, uongo, mu tumbo, na ile bongo iliharibisha mukono ya mutu. Hapana mutu wa mbali. Rafiki yangu!

Jina yangu sitaandika. Yeye nitamuita Kasereka, maana huku kwetu kila nyumba iko na Kasereka wake, hamutamujua.

Tulikuwa tunapenda kitu moja ya ajabu: maketi. Zile gari ndogo za plastiki zinakuya vipande-vipande mu karto, ile boksi, unabandika na kole, gundi. Yaya yangu, kaka mukubwa, mufanyabiashara, alikuwa anaenda kununua bidhaa Dubai, akaturudishia karto chache mu mizigo yake. Batu bakacheka: "Banaume bazima banachezea vitu vya batoto!" Bacheke! Barabara ilikuwa imefungwa, kazi imekufa, tungefanya nini?

Lakini Kasereka hakutaka kubandika tu vile karto inaonyesha. Alikuwa na picha. Baba yake, marehemu, alikuwa mekanisien, fundi wa magari, wa muzungu moja wa kahawa upande wa Vuhovi, na ule muzungu alikuwa na gari ya mbio ya zamani kabisa: kapo, kifuniko ya moteri, murefu, hakuna paa, magurudumu na rayons, zile waya, kama ya kinga, baiskeli. Mu picha, baba anasimama pembeni ya ile gari, mukono ku kapo, anacheka. Nyumba yao ilipigwa pillage, waliiba kila kitu, mara nyingi, na mu vitu vya baba ilibakia ile picha tu na saa yake ya mukono.

"Tutaitengeneza," akaniambia. "Hapana ya kufanana. Ile ile."

Eeh, tuliteswa! Karto ilikuwa ya gari mufupi, matairi nene. Tukaikata katikati na wembe, tukairefusha. Magurudumu ya rayons tulitoa mu maketi ya pikipiki. Vile vijiti vya plastiki vinabakiaka mu karto, tulivipasha juu ya buji, mushumaa. Ukivuta polepole vinakuwa kama uzi, ndiyo tukafanya nayo bomba za essence, za petroli. Matundu tuliziba na maganda ya plastiki tuliyeyusha mu dissolvant, dawa ya kuondoa rangi ya kucha, ya dada zangu, na balitutukana. Mukanda ya ngozi ya kufunga kapo, Kasereka aliikata ku saa ya baba yake mwenyewe.

Frein à main, breki ya mukono, mu ile picha, iko inje ya gari. Miye niliibandika ndani. Nikasema, nani ataona? Kasereka akaivunja pale pale, akaiweka inje.

"Baba ataona," akasema.

Nilikasirika. Acha niseme kweli yote: nilikuwa na wivu. Moyoni nilijua mikono yenye kujua kazi ni yake. Yangu ilikuwa ya kushika buji.

Gari ikaisha. Nyekundu, na numero ku ubavu, mpaka unataka kusikia inalia! Mama yake Kasereka alikuwa anaishi Bungulu, kule Beni, na alikuwa anatayarisha misa ya kukumbuka muzee. Gari ndiyo ilikuwa surprise, zawadi ya kumushangaza mama. Kasereka akatangulia kusaidia mama. Rangi ilikuwa haijakauka bado, kwetu Vulamba, mu Butembo, basi akaniachia nimufuate nayo.

"Uishike ku mapaja," akaniambia. "Usiiweke na mizigo." Basi. Hakuniuliza hata kama niko na nguvu. Aliniamini tu!

Akaingia yaya yangu. Akaiona ku meza, akazunguka-zunguka.

"Lakini hii kitu, batu ba Dubai bataiweka mu vitrine, mu kabati ya kioo! Nipe niende nayo hii safari. Nitabaambia ni kazi ya mudogo wangu. Batakuita, weye."

Kazi ya mudogo wangu. Ile neno ilinimaliza. Hakutaja Kasereka, na miye sikumusahihisha.

"Kasereka nitamuambia nini?"

"Si utapita mu barrière ya askari, kizuizi ya njia? Sema askari balibeba. Nani atauliza?"

Mwenye hakuishi ile miaka hataelewa. Siku zile kitu yote yenye kupotea, askari balibeba. Umekula mbuzi ya shemeji yako? Askari balibeba. Umeharibisha radio ya jirani? Askari. Hakuna mwenye alikuuliza mara ya pili, sababu mara mingi ilikuwa kweli. Batu balikuwa banakupa pole, banakupa na kiti ukae.

Nikamupatia yaya gari. Ndiyo hivyo. Miye mwenyewe, na hii mikono!

Kesho yake, mu njia, kabla ya kufika Bungulu, nikangoa kifungo ya shati, nikajipaka udongo ku suruali. Nikaingia na kichwa chini. "Gari imeenda," nikasema. "Ku barrière ya kuingia mu muji ya Beni. Balinipiga."

Mama yake akanikumbatia. Hakujua hata ni gari gani, tulimuelezea pale pale. "Wasingya, asante, Mungu! Kitu ni kitu, bamekuacha na roho!" Akaniletea bugali, sombe, na nyama yenye alikuwa ameweka ya kisha misa. Nikala. Ndiyo, nilikula, na nikaongeza!

Kasereka akasimama.

"Commandant wa ile barrière, najua nyumba yake. Niko nasikia Lingala, luga yabo. Nitaongea naye vizuri. Gari ya plastiki ataifanyia nini?"

"Hapana! Batakuua!" Nikamushika ku shati.

Alizani ni upendo. Akanipiga-piga ku bega, akasema atarudi. Pale nilikuwa naweza kusema. Neno moja tu! Mudomo ikakataa, na yeye akaenda.

Jua ilikuwa inaelekea kushuka wakati mutu alimurudisha ku kinga, mukono imefungwa na shati, shati imejaa damu. Mama akalia, akakimbia kutafuta maji ya moto. Tukabakia wawili.

"Nimeiona," akasema.

"Umeona nini?"

"Gari. Iko ku meza ya commandant. Anatilia majivu ya sigara mu kiti ya dereva."

Mungu wangu! Namna gani? Gari iko mu njia ya Dubai! Ile bongo ya askari ni miye niliisema, inageukaje kweli?

"Nikamuambia, baaskari bako balinyanganya rafiki yangu. Akacheka. Akasema, hakuna mwenye alinyanganya mutu hapa, ni mufanyabiashara wa Butembo alinipa cadeau, zawadi, ili camions zake za mizigo zipite. Akataja jina ya yaya yako. Nikamuambia ni bongo, nikaishika gari. Ndio bakaweka mukono yangu ku meza, bakanipiga kitako ya bunduki ku vidole."

Halafu akaniangalia, na uso ilikuwa tayari imebadilika.

"Weye ulijua?"

Ya commandant sikujua, naapa! Lakini ningejibu nini? Niseme nilijua nusu? Nikageuza uso. Akaelewa.

Mama akaingia na maji. Na munajua Kasereka alisema nini? "Mama, usimuulize huyu kitu. Naye balimupiga." Na vidole yake inavuja damu mbele yangu!

Nikarudi Butembo na moto mu kichwa. Yaya nikamukuta anapakisha magunia ya kahawa mu camion.

"Ulisema Dubai!"

Hakuacha hata kuhesabisha bapakizi. "Camions zilipita, na weye unakula mu hii nyumba. Sasa? Weye ulisema askari balibeba. Basi, balibeba. Nilikudanganya wapi?"

Mutu wa tumbo moja na miye! Mwenye alinibeba ku mugongo wakati niko mutoto! Mpaka leo tukikutana ku matanga, kila mutu anakaa upande yake. Na kila mara nataka kumulaani, ile jibu yake inarudi mu masikio, kwa sababu hakuna mwenye alinifunga kinywa kule Bungulu.

Askari baliondoka na gari, ama baliitupa, sijui. Vidole viwili vya Kasereka havikunjiki tena, na wembe hakushika tena. Tukipishana mu njia ananisalimia: "Bonjour, monsieur." Monsieur! Miye mwenye tulikuwa tunakula naye mu sahani moja! Angenitukana ingekuwa afadhali.

Bado sijamaliza. Mama yake iko muzima, mukongwe sasa. Kila mavuno ya maharagi ananitumia gunia. Mwenye kuleta ananiambia maneno yake: "Ni ya ule mutoto wangu balimupiga sababu ya gari ya muzee." Kasereka hakumuambia! Miaka yote hii alinifichia, hapana sababu ananipenda, sababu hataki mama aumie mara mbili. Bibi, muke wangu, anapika, anauliza mbona sili. Nasema tumbo.

Weye mwenye unasoma, usimubebeshe askari kosa yako. Askari iko na yake ya kutosha. Na mutu akisifu weye peke yako kwa kazi mulifanya wawili, mukimbie, hata kama mulinyonya ziwa moja. Na kama kuko mama mwenye anakushukuru bure, enda umuambie angali anasikia. Usingoje kama miye.

Gunia ya mwaka huu imefika juzi. Iko pale ku mulango, bado imefungwa, na bibi ameuliza tena kama aloweke maharagi ya leo.