Muhuri Hauzibi Shimo

Sijawahi kumwambia mtu: aliyeingia kwenye kompyuta ya shule ni mimi, Chebet.

Ndiyo, mimi yule wa kunong'ona kwenye midahalo ya shule zetu. Chekeni tu, nyinyi wa shule za Sotik na Kiptere mnaosoma barua hii.

Programu yetu ya barua pepe ni ile ya bure. Walioiandika walitangaza wenyewe kwamba ina shimo la kupitisha wezi, na wakatoa kiraka, programu ndogo ya kuliziba. Nilimpelekea Mwalimu Koech tangazo pamoja na disketi ya kiraka.

Mnajua alifanya nini? Alipiga muhuri wa IMEPOKELEWA, akafungia vyote kwenye faili!

"Mwalimu, lazima kiwekwe kwa mashine."

"Chebet, siku hizi ni wewe unanifundisha?"

Darasa lote likacheka. Nilimchukia, na bado namchukia. Jana nikapita kwenye shimo lilelile, nikamwachia maneno kwenye skrini: muhuri hauzibi shimo.

Leo kwa paredi akamshika nani? Si mimi wa kunong'ona, hapana: Otieno, Mjaluo ambaye baba yake ni fundi wa kiwanda cha majani chai.

"Nyinyi watu wa ziwa ndio wajanja sana, eh? Beba sanduku uende!"

Otieno alinitazama. Anajua vizuri ni nani alileta lile tangazo. Hakunitaja. Na mimi nikanyamaza, mwoga mkubwa!

Niambieni ukweli, nyinyi mngesema?

Nasikia viatu vya Koech kwenye korido. Otieno bado yuko getini na sanduku lake, anangoja babake. Siku zote Koech akikaribia mlango huwa nazima skrini asisome ninachowaandikia.

Leo naiacha ikiwaka.