Kipande Kitupu cha Kamba

Mtaani Isevya, mjini Tabora, wanamfahamu Tunu Sabiri kwa mambo mawili: baiskeli yake ya kijani na ukimya wake. Baiskeli alianza kuipanda zamani, akiwa muuguzi wa wodi ya wazazi. Sasa ana miaka hamsini na mitatu na bado anaipanda, mtandio kaufunga kidevuni, anawapita vijana wa bodaboda wakisubiri abiria, nao wanampigia shikamoo kwa kelele. Ukimya ni wa baadaye. Ulianza alipoacha kuzalisha akaingia katika kazi hii ya sasa, ambayo majirani zake wameshindwa kabisa kuielewa. "Kazi yake kukaa," aliniambia mmoja wao, mwanamke mwenye mdomo kunizidi hata mimi. "Anakaa, mtu anazungumza, jioni anarudi kachoka utadhani alikuwa analima."

Mumewe, Majidi, anauza vipuri vya baiskeli sokoni. Siku moja nilimchokoza, nikamwuliza anaishije na mke asiyesema. Akanijibu bila kunitazama, mikono imejaa grisi: "Akifika nyumbani huwa hajarudi bado. Mimi namsubiri arudi." Nikajiondokea zangu na mdomo wangu.

Mimi ni Fakhria, mpishi wa nyumba anayofanyia kazi Tunu, kule Cheyo. Ni nyumba ya kawaida yenye bati jekundu, vyumba vitano na ua. Huletwa hapo vijana kutoka kambi za wakimbizi za upande wa Kigoma, watano au sita kwa mara moja, kwa kibali cha wiki kumi. Ni vijana walioteswa. Neno hilo sitalizungusha. Walikamatwa na watu wenye bunduki, wakafanyiwa mambo kwa makusudi, na hospitali zikawaponya miili tu. Tunu ni mshauri wao. Kila mmoja huingia kwake mara mbili kwa wiki, na yanayosemwa mle ndani hayatoki. Nina miaka minne hapo. Nimewapikia zaidi ya mia, nawajua nani hapendi bamia na nani anakula ukoko, lakini yaliyowapata siyajui.

Ninachokijua ni kamba. Siku ya kwanza Tunu hutandaza sakafuni kamba ya katani, mita nne hivi. Kamba ile ni maisha ya kijana. Ncha moja ni siku aliyozaliwa, na ncha ya pili huachwa imekunjwa, kwa ajili ya miaka ambayo haijafika. Kijana hupewa maua na mawe. Ua huliweka penye jambo jema, jiwe penye jambo baya. Kisha kwa wiki zote zinazofuata wanaipita kamba pamoja polepole, na kila penye jiwe wanasimama, kijana anasimulia, Tunu anaandika. Mwishoni Tunu humsomea yote tangu mwanzo, kijana anasahihisha, na karatasi zinakuwa zake. Maua nachuma mimi uani, na mawe naokota mimi, nayaosha. Nilipoelezwa hayo mara ya kwanza nilicheka, nikamwuliza Tunu kama serikali ina habari kwamba watu wazima wanacheza mdako. Na yeye akacheka.

Sikucheka tena baada ya kumwona kijana wa kwanza akitoka mle. Alitoka kaloa jasho, akaketi barazani, akalala usingizi hapo hapo mchana kweupe. Tunu aliniambia ni mwaka wa pili hajalala bila dawa.

Sasa nisimulie habari za huyu mmoja, nitakayemwita Wilondja. Alikuwa na miaka ishirini, mtu wa Fizi, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Aliletwa kwa treni kutoka Kigoma, na aliposhuka hapa alikuwa na mfuko wa plastiki na chupa ya asali aliyonunua kituo cha Usinge treni iliposimama. Asali akanipa mimi, hata hanijui. Hakukaa hata siku moja akaupa mlango mgongo. Kuchambua mchele alinishinda, macho yake yaliona kila chuya. Siku ya kamba aliweka maua mengi mwanzoni, kisha mawe, na katikati ya mawe mawili akaacha kipande kitupu, urefu wa mkono. Tunu alimwuliza pale pana nini. "Hakuna kitu," alijibu. Haya Wilondja ameniambia mwenyewe, baadaye, na akaniruhusu niyaseme.

Wiki ya nne nikamharibu.

Kwetu sisi wa asili ya Omani mgeni hajinawishi mwenyewe. Unamwendea na birika na beseni, unammiminia. Birika langu ni la shaba, la bibi yangu, na Ijumaa ile nilikuwa nimepika pilau, nimejipamba, najiona mwenye nyumba. Nikazunguka mkeka nikiwanawisha mmoja mmoja, huku napiga domo. Wilondja nikamjia kwa nyuma. Maji yalipoanza kulia katika beseni, alitoweka. Mwili ulikuwa pale, umejikunja ukutani, mikono imefunika uso, anatafuta pumzi hapati. Beseni lilipinduka juu ya pilau.

Maji yalimfanya nini huko alikotoka sijui, na sikuuliza.

Tunu alitoka chumbani kwake. Hakukimbia wala hakumgusa. Aliketi chini, hatua tatu kutoka kwake, akaanza kusema kwa sauti ile ile anayosemea siku zote. "Wilondja. Mimi ni Tunu. Leo ni Ijumaa. Uko Cheyo, mjini Tabora. Hayo ni maji ya da Fakhria, ya kunawa. Gusa sakafu. Ni ya baridi?" Akarudia. Ijumaa. Cheyo. Tabora. Sakafu. Alirudia hivyo karibu saa nzima, na hakuna mara moja sauti yake ilipopanda au kuchoka, mpaka kiganja cha yule kijana kikashuka taratibu kikagusa saruji, na akasema, "Ya baridi."

Maishani nimesimama mara mbili tu nikajihisi mdogo kiasi kile. Mara ya kwanza nilikuwa Makka.

Nililia jikoni hadi jioni. Tunu alipoingia nikamfokea: "Nitukane basi! Sema neno!"

"Da Fakhria," akasema, "hukujua. Sasa unajua. Nipe karanga." Ndivyo alivyo. Siku ikiwa nzito hula karanga za kukaanga, moja moja, anazimenya kwanza ngozi.

Lakini Wilondja hakuingia tena chumbani. Miadi minne ikapita. Kila saa yake ilipofika Tunu alifungua mlango, akaketi na daftari lake, akangoja saa yote ikaisha, akafunga. Nikamwambia anapoteza wakati, amwite mwingine. "Saa ni yake," alinijibu, "aje asije." Ndipo akanieleza kinachomtisha. Kibali kina mwisho wake, na kijana aliyeanza kufungua mambo haya akarudi kambini kabla ya kumaliza, anaweza kuwa na hali mbaya kuliko aliyokuja nayo. Alisema hayo kwa sauti ya kiuguzi, kavu, na mimi nikaelewa kwamba nimemtia mtoto wa watu hatarini kwa birika la bibi yangu.

Mwishoni mwa wiki ya sita, asubuhi, nikaona kivuli mlangoni pa jiko. "Mama, ninaweza kamata ile birika?" Nilikuwa nimelificha juu ya kabati, nyuma ya masufuria. Nikatazama nyuma yake, Tunu yupo, akaniashiria nilitoe. Wilondja alilijaza mwenyewe. Alilishika kwa mkono mmoja, mwingine akauweka juu ya karo, akamimina. Mkono ulitetemeka hadi kifuniko kikagonga. Akaacha, akavuta pumzi, akamimina tena. Alimimina birika zima, akalijaza akamimina la pili. La tatu mkono ulitulia.

"Njo maji tu," akasema. Kwao njo ni ndiyo. Kisha akaongozana na Tunu chumbani, na mimi nikabaki nimeshika kitambaa cha sahani.

Kuanzia hapo walikwenda vizuri. Ilipofika wiki ya tisa mawe yote yalikuwa yamesimuliwa. Nilijua kinachobaki kwa sababu Tunu alitoka siku moja akasema maneno mawili tu, "Bado kipande." Karanga hakutaka. Zilibaki siku kumi kibali kiishe.

Alhamisi ya wiki hiyo tulikuwa tunachambua mchele, mimi na Wilondja. Akaniuliza, kama mtu apitishaye wakati, "Mama, watu ya kwenu mulifikaga huku namna gani?"

Swali hilo nina jibu lake tayari, nimelisema kwenye harusi chungu nzima. Babu wa babu yangu alitoka Omani, akapita pwani, akafuata misafara hadi hapa, akajenga Kwihara, nje kidogo ya mji, akafanya biashara ya pembe za ndovu na vitambaa, mtu mkubwa, mcha Mungu. Nikaanza kulisema. Nilikuwa nimefika kwenye pembe, na macho yangu yakaangukia vifundo vya mikono yake, penye makovu ya kamba yanayozunguka kama bangili. Nikajisikia nasema jambo ambalo nyumbani kwetu halisemwi, si kwa watoto wala kwa wageni.

"Pembe hazikuja zenyewe," nikasema. "Zilibebwa na watu. Na wengi walitoka kwenu, ng'ambo ya ziwa. Walivushwa wakiwa wamefungwa shingoni, wakatembezwa njia ile ile uliyopita wewe na treni, wakaletwa hapa wakauzwa. Babu huyo alikuwa mmoja wa waliowafunga."

Hakuinua kichwa. Vidole vyake viliendelea kutafuta chuya kwenye ungo. Kisha akauliza, "Majina yao?"

"Ya nani?"

"Ya wale waliofungwa."

Punda wa babu huyo ninajua jina lake. Aliitwa Marjani, alikuwa mweupe, alikufa kwa kuumwa na nyoka, na bibi alitusimulia habari zake hadi tukalia. Nikatafuta kichwani jina la mtu mmoja, mmoja tu.

"Hatuyajui," nikasema. "Hata moja."

Akaweka ungo chini, akatoka.

Nikajua nimemharibu mara ya pili. Nilikwenda mbio kwa Tunu, kanga inaburuta, nikamweleza kila neno. Alinisikiliza kama anavyowasikiliza wale vijana, na kwa mara ya kwanza nikaonja kile wanachokipata mle: kusikilizwa na mtu ambaye hajaanza kukutungia jibu. Ilinitisha. Nilipomaliza hakuniambia nimekosea wala nimepatia. Akasema tu niondoke mlangoni, kwa maana Wilondja alikuwa amesimama pale nyuma yangu, anabisha hodi siku isiyokuwa yake.

Aliingia baada ya adhuhuri. Alasiri iliadhiniwa, mlango bado umefungwa. Nilipika, nikaepua, nikakaa.

Wiki ya kumi, siku ya kusomewa, Wilondja aliomba niingie. Alitaka, alisema, awepo mtu ambaye si kazi yake kusikiliza. Nikavaa buibui langu zuri. Kamba ilikuwa sakafuni, nami nikakaa kwenye kigoda pembeni, nimeibana mikono magotini. Tunu alisoma kurasa thelathini na moja. Yaliyomo sitayasema hapa wala mahali pengine. Nitasema tu kwamba palikuwa na mambo ambayo mtu wa kawaida hawezi kuyatamka, na Tunu aliyatamka, neno kwa neno, bila kuyapamba wala kuyapunguza, akiipa kila herufi heshima yake. Na yule kijana, mwenye haki ya kuziba masikio kuliko sisi sote, aliketi wima akasahihisha. "Hapana, hapo ilikuwa asubuhi." "Hapo sikulia. Nililia kesho yake." Sikujua kwamba binadamu anaweza kuwa na nguvu kiasi hicho akiwa amekaa tu kwenye kiti.

Walipofika kwenye kile kipande, Tunu alimpa karatasi, akasoma mwenyewe. Hii ndiyo sehemu aliyoniruhusu niisimulie. Siku ya tatu ya mateso walimwuliza swali lile lile, ulikuwa na nani, naye akajibu. Alitaja jina la rafiki yake. Wakaenda kumchukua. Tangu siku hiyo, miaka minne, jina lile halikupita tena kinywani mwake. Alilisoma kwa sauti. Akalisema tena bila kutazama karatasi, ametutazama sisi.

Tunu akasimama, namna tunavyosimama jeneza linapopita. Na mimi nikasimama.

Jumamosi aliondoka kwa treni ya kurudi Kigoma. Kituoni aliniambia kwamba nikitaka kumsimulia mtu habari hizi ninayo ruhusa, jina lake nibadilishe, yeye ana mama na wadogo zake kambini. Treni ilipopiga honi akaning'ang'ania mkono dirishani. "La yule rafiki yangu usibadilishe, mama. Uliseme lote."

Aliitwa Asukulu Mlondani. Alikuwa fundi redio, mwenye umri wa miaka kumi na saba.