Laini Iliyoruka Foleni

Shangazi yangu ni mpimaji wa mtandao wa simu. Miaka kumi na miwili amezunguka mitaani na simu nne kwenye begi la mgongoni, akiandika kila mahali intaneti inapokwama. Mnara wa sokoni aliuona kama mtoto wake: watu maelfu, masafa ya mawimbi machache ya kugawana. Yeye ndiye aliyeupangia zamu, kila simu ikipata kipande chake cha sekunde, sawa kwa sawa.

Kisha akaajiriwa kijana waliyempachika jina la Profesa. Huyu alitaka kila simu ihudumiwe pale mawimbi yake yanapokuwa mazuri kuliko kawaida yake yenyewe. Hivyo aliye mbali na mnara hasahauliwi, na wote wanapata zaidi.

"Eti kuvizia mawimbi!" shangazi alimwambia mama, akimenya vitunguu kwa hasira. "Na bosi anamchekea kama bwana harusi."

"Wivu huo, wifi."

"Wivu wa nini? Mtu mwenyewe akipanda ngazi tatu za mnara anashikwa na kizunguzungu!"

Bosi akaamua: wiki moja mpango wa shangazi, wiki moja wa Profesa, kasi ikipimwa kwa simu moja ya shangazi; utakaoshinda ndio utakaobaki. Shangazi akashinda kwa mbali. Alikuja kwetu akiimba.

"Profesa kaniambia, 'Hongera, mama.' Nikamjibu, mama yako yuko kwenu!" Akacheka mpaka machozi.

Jumatatu, akipitia orodha ya laini zinazohudumiwa kwanza, akaikuta ya simu yake ya kupimia. Aliiweka mwenyewe miezi ya nyuma, alipokuwa akijaribu simu za dharura, akasahau kuitoa. Wiki ya Profesa orodha hiyo ilikuwa imezimwa, kwa kuwa mpango wake hauitumii. Wiki yake yeye, simu yake ilikuwa ikiruka foleni huku wateja wakisota kama zamani.

Hakuna mwingine aliyejua. Siku mbili aliendelea kupokea hongera. Ya tatu akaingia kwa bosi.

"Tupime upya. Laini yangu ilikuwa inapendelewa."

Wakapima. Profesa akashinda. Shangazi akasaini ripoti, kalamu ikatoboa karatasi.

Jioni nilimuuliza kama Profesa alimcheka.

"Bora angenicheka! Kaja kunishukuru, kichwa chini, eti bila mimi asingejua kuwa mpango wake unafaa. Angekuwa na maringo kidogo tu, ningemchukia kwa raha zangu. Hata hilo kaninyima."