Bibi Arusi wa Jumamosi Kuu

Mwaka 2014 nilikuwa frateri katika mwaka wa uchungaji, yaani nilitolewa seminarini nikaishi parokiani ili ijulikane kama kazi yenyewe ninaiweza. Mimi ni mzaliwa wa Kibondo, nikapangiwa parokia moja ya Kasulu. Juma Kuu lilipofika, paroko alinikabidhi kigango kimoja, kanisa dogo la parokia hiyo, upande wa Titye. "Watunze watu hao, Jumamosi uniletee wakatekumeni wangu wakiwa wazima," aliniambia. Niliona kazi rahisi. Wakati ule nilikuwa na moto mwingi kuliko akili.

Alhamisi nilifundisha nyimbo mpaka wanakwaya wakanichoka. Ijumaa Kuu asubuhi nilizunguka kwa wagonjwa, mchana nikaongoza Njia ya Msalaba kwenye matope, na jioni sauti yangu ilikuwa imekauka kabisa. Jumamosi ilibaki kazi moja tu: kuwafikisha wakatekumeni parokiani kwa miguu, wabatizwe kwenye mkesha wa Pasaka.

Kati yao alikuwamo bibi mmoja. Aliingia nchini kutoka Burundi akiwa msichana, akaolewa hapa, akamzika mume hapa, na uraia akaupata uzeeni. Kwaresima nzima katekista alimfundisha pamoja na watoto wa shule, na bibi aliwanyamazisha kwa jicho moja kila walipocheka. Ubatizo wake ulikuwa umekwisha kuahirishwa mara mbili, mara ya kwanza kwa malaria, mara ya pili kwa msiba.

Ijumaa hiyohiyo aliteleza kwenye udongo mwekundu akitoka kisimani, na goti likavimba. Wa zahanati walisema hakuvunjika, ila asiukanyagie mguu huo. Pikipiki isingeweza kumpeleka, kwa sababu masika yalikuwa yamelizoa daraja la miti. Nikampigia simu paroko. Yeye alikuwa na mkesha na umati wa watu, hawezi kuondoka. "Mwambie nitakuja wiki ijayo, nimbatize nyumbani kwake," alisema. Nikaenda kumpa bibi habari hiyo nikidhani nampelekea faraja.

"Oya, frateri," alisema, yaani hapana. "Tangu nivuke mpaka, naambiwa wiki ijayo. Chakula wiki ijayo. Karatasi wiki ijayo. Mimi nataka kesho, pamoja na wenzangu."

Nilitoka nikatafuta wanaume wenye mabega, nikaagiza ngobyi, ile machela ya kusuka ambayo huku kwetu hubebewa wagonjwa. Nilijiona nimetatua tatizo.

Jumamosi mchana tuliitua machela mlangoni kwake. Bibi alichungulia, akaiangalia, akatuangalia sisi.

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, bibi. Tumekuja kukuchukua."

"Mume wangu alitokea mlango huu kwa ngobyi, hakurudi. Hicho ni kitu cha maiti na mahututi. Mimi siendi kwa Mungu hivyo." Akafunga mlango.

Nilikasirika, nasema kweli. Jua lilikuwa linakwenda, wenzake walikwisha kutangulia na katekista, na mimi nimeahidi kufikisha watu wote. Nikasimama pale mlangoni nikaanza kumhubiria juu ya unyenyekevu, kwa sauti yangu hiyo iliyokwaruza. Mwenye duka wa pale, Mwislamu mzaliwa wa Ujiji, alikuwa amekuja kushika mti mmoja wa machela kwa kuwa ni jirani. Alinivuta shati. "Frateri, pumzika kidogo," alisema. "Mlango huu hautafunguliwa kwa hotuba."

Ndipo mama mmoja mtu mzima, jirani wa bibi, akasema kama anayejikumbusha, "Lakini zamani hata bibi arusi alibebwa kwenye ngobyi. Mama yangu alifika kwa baba yangu hivyo."

Wanawake waliangaliana, wakatawanyika bila kuniuliza. Walirudi na shuka jeupe, vitenge na maua ya porini, wakaipamba machela mpaka nikasahau kazi yake ya kila siku. Kisha wakaanza kuimba nyimbo za harusi za Kiha na kupiga makofi. Mlango ukafunguka. Bibi alikuwa amevaa gauni lake jeupe la ubatizo, na sidhani kama alikuwa amelivua tangu asubuhi.

"Bibi arusi hatembei?" aliuliza.

"Hatembei," walimjibu. "Anabebwa."

"Basi nibebeni vizuri. Msinitikise."

Nimehudhuria maandamano mengi tangu siku hiyo, lakini kama hayo sijayaona tena. Mtoni maji yaliwafika wanaume kifuani, na machela ikapita juu ya vichwa vyao bila kulowa, mwenye duka akiwa mbele akiita, "Kushoto, taratibu, kushoto." Watu waliacha majembe mashambani wakauliza nani anaolewa. Tuliwajibu kwa vigelegele, na wengi walitufuata. Nilifurahi mpaka nikaacha kuangalia jua.

Tuliingia moto wa Pasaka ukiwa ndiyo kwanza umewashwa nje ya kanisa. Paroko alisimama na mshumaa mkononi, akitutazama.

Zamu ya bibi ilipofika tuliitua machela mbele ya maji. Paroko aliuliza, kama alivyowauliza wengine wote, "Nani anamleta mama huyu?"

Msimamizi wake wa ubatizo alifungua kinywa, lakini wabebaji, wenye matope mpaka mapajani, walimwahi. "Sisi," walisema.

Na mlangoni, sauti ya mwenye duka ikafuata: "Na mimi. Nimemfikisha, yaliyobaki ni yenu."

Kanisa zima lilicheka, paroko naye akacheka. Kisha akamwagia bibi maji mara tatu. Bibi hakulia. Alijifuta macho, akamtazama paroko, akauliza kwa sauti iliyofika hadi nyuma:

"Imekwisha? Leo hii?"

"Leo hii, mama."

Wabebaji hawakungoja ruhusa. Waliinua machela mabegani wakamzungusha kanisa lote, naye akipunga mkono kulia na kushoto. Nilitaka kuimba nao, sauti ikakataa. Nikalia kwa furaha mbele ya parokia nzima, na wala sikuona haya.